Wageni wa Masika Wanaopita Bila Shahidi

Leo nitazungumza habari ya ndege, na najua wapo watakaoguna. Masika imeingia, barabara za ndani zimekatika, unga umepanda bei, na huyu bwana anatuletea ndege! Nipeni dakika hizi chache. Jambo lenyewe lina msimu wake, msimu wenyewe ndio huu, na Mei ikifika katikati litakuwa limeshapita.

Ukienda Watamu au Malindi mwishoni mwa Machi utakuta upepo hauna mwenyewe. Kaskazi imelegea, kusi haijashika. Ni maleleji, wakati wa tanga mbili. Enzi za majahazi, siku kama hizi manahodha wa Omani na Ghuba walikuwa wakipakia boriti za mikoko, wakilipa madeni na kuaga wakwe, huku wakingoja kusi iwarudishe kwao. Misafara ile imekwisha. Lakini wapo wasafiri ambao hawajabadili ratiba. Ni ndege waliotujia tangu Agosti na Septemba, wakiikimbia baridi ya kaskazini mwa dunia, na sasa wanarudi makwao kuzaa. Huko waendako majira ya machipuko ndiyo yanaanza: theluji inayeyuka, wadudu wanaibuka, mchana unarefuka. Sisi tukifungua miavuli, wao wanafunga safari.

Nianze na Mida, maana ndipo ninapopajua. Hori la Mida liko jirani na mji wa Watamu, Kaunti ya Kilifi. Bahari imeingia ndani ya nchi, ikazungukwa na mikoko, na maji yakipwa huacha uwanja mpana wa tope na mchanga ambao mpita njia hudhani hauna kitu. Ni sehemu ya hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyotangazwa mwaka 1968. Tope lile limejaa minyoo, chaza na kaa wadogo, na ndiyo sababu kila mwaka maelfu ya vitwitwi, sululu na jamaa zao huja kukaa hapo miezi saba, minane.

Aprili, Mida ni mahali pengine kabisa. Ndege ambao Desemba walikuwa na rangi ya kijivu, wote wakifanana mpaka mtu anachoka kuwatenganisha, sasa wamebadili manyoya. Yupo kitwitwi mwenye mdomo uliopinda, ambaye uzito wake wa kawaida ni kama gramu 50 au 60. Huyu kifua na tumbo vimekuwa vyekundu kama tofali. Kwao ni Rasi ya Taymyr, juu kabisa ya Siberia. Wapo wengine wadogo waliovaa mshipi wa rangi ya kutu kifuani. Hao wanakwenda kutaga kwenye nyanda kavu za Asia ya Kati. Na wote wanakula kwa pupa. Mdomo unaingia topeni, unatoka, unaingia tena, mchana na hata usiku maji yakiruhusu, kwa sababu mafuta wanayojiwekea chini ya ngozi ndiyo nauli. Asiyenona vya kutosha ataanguka baharini, na hakuna atakayejua.

Mzee mmoja mvuvi wa pale Mida niliwahi kumkuta akishona wavu chini ya mti. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitika, "Marahaba, mwanangu." Nikamwuliza kama hawa ndege huwafuatilia. Akacheka, akasema hana haja ya kuwafuatilia, wao ndio wanaomfuata yeye topeni kila siku. Kisha akaongeza bila kuinua macho: "Ukiwaona wamevaa nyekundu, ujue washaaga." Hiyo ni elimu, wasikilizaji, na haimo katika daftari lolote. Nitairudia hoja hiyo baadaye.

Katika wote wa Mida, mmoja nampenda kuliko wengine. Ni ndege mla kaa: mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya rangi ya buluu iliyofifia, na mdomo mnene mweusi unaoonekana umekusudiwa ndege mkubwa zaidi. Msogelee taratibu maji yanapoanza kujaa, umtazame akiwinda. Anatembea hatua mbili tatu, anasimama, shingo ameivuta ndani. Kaa akitokeza tu kwenye shimo lake, ndege anachomoka mbio, anamdaka, anamtikisa mpaka miguu inang'oka mmoja mmoja, kisha anammeza. Na nyuma yake, mara nyingi, utamwona mwanawe. Ameshalingana naye kwa kimo, anaruka vizuri, amekwisha safiri na wazazi wake maelfu ya kilomita, na bado anamfuata mamaye akipiga mluzi wa kuomba. Katika jamii za ndege wa pwani ni nadra kuona mtoto akilishwa mpaka ugenini. Huyu hulishwa hapa kwetu, Desemba na Januari, miezi mingi baada ya kuanguliwa.

Anaanguliwa wapi? Visiwani na kwenye fukwe za mchanga za Ghuba, pwani ya Omani na Bahari ya Shamu. Tena anaanguliwa chini ya ardhi. Katika ndege wote wa jamii hizi za pwani, ni yeye peke yake anayechimba shimo la kutagia mchangani, kwa kina. Hutaga yai moja tu, jeupe, na joto la mchanga humsaidia kulitunza, hata mzazi anaweza kuliacha kwa saa nyingi akaenda kuwinda. Basi ninyi mlio na jamaa Muskat, ambao simu zao haziishi kuulizia hali ya hewa ya Mombasa, jueni kwamba kuna familia nyingine inayogawana makazi namna hiyo hiyo, nayo huondoka kwetu Machi na Aprili. Vijana wa mwaka wa kwanza aghalabu hubaki huku. Hawajafika umri wa kuzaa, kwa hiyo hawana haraka ya kwenda popote. Ukiwaona wachache Mida mwezi wa Julai, ni hao.

Mla kaa, hata hivyo, si mgumu kumwona. Yuko wazi topeni, na mavazi yake hayafichiki. Ninayetaka hasa kumzungumzia ni yule anayepita vichakani bila mtu kumtambua.

Kuna ndege mdogo wa matete ambaye wataalamu humwita kwa jina la Basra. Rangi yake ni kahawia iliyochanganyika na kijivu, tumbo jeupe lisilo safi, mdomo mrefu mwembamba. Ukimwona kichakani hutamwita mwenzio aje kutazama. Lakini yumo katika orodha ya dunia ya ndege walio hatarini kutoweka, na sababu yake inajulikana vizuri. Takriban wote huzaa katika vinamasi vya kusini mwa Iraki, kati ya mito Tigris na Frati. Miaka ya tisini, serikali ya Saddam Hussein ilivikausha vinamasi vile kwa makusudi, ikajenga mifereji na kuta za kuyahamisha maji, ili kuwaadhibu wenyeji waliokuwa wamejificha humo baada ya uasi wa 1991. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 sehemu kubwa sana ilikuwa jangwa la chumvi. Mwaka 2003, utawala ule ulipoanguka, wenyeji walizibomoa kuta wenyewe, wengine kwa majembe, maji yakarudi, matete yakaota. Mwaka 2016 UNESCO iliviingiza vinamasi hivyo katika urithi wa dunia. Hata hivyo maji yake bado ni ya kugombaniwa, kwa mabwawa ya juu ya mito na kwa ukame.

Na hilo linatuhusu nini sisi? Linatuhusu kwa kuwa ndege huyu, kwao kunapokuwa na baridi, hukaa Afrika Mashariki, kuanzia upande wa Sudan na Ethiopia hadi Msumbiji. Pwani ya Kenya na delta ya Mto Tana ni katika maeneo yanayojulikana sana. Aprili, mvua zikiwa zimechipusha kila kijiti, anapita vichakani akielekea kaskazini. Msikilizaji, inawezekana amepita nyuma ya choo cha shule ya kijiji chako wiki hii. Asubuhi alikuwepo, jioni ameondoka. Tofauti kati yake na binamu yake mkubwa wa matete, ambaye ni wa kawaida, ni unene wa mwili, urefu wa mdomo na ubaridi wa rangi. Hata wazoefu hubishana mpaka watakapomshika mkononi.

Kumshika mkononi ndiko kulikofanya Kenya ijulikane duniani kwa habari hizi. Pale Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi, tangu mwaka 1969 watafiti na wasaidizi wao hukusanyika mwishoni mwa mwaka, wakingoja usiku wa ukungu usio na mwezi. Ndege wanaosafiri usiku kuelekea kusini hupotezwa na ukungu, wakavutwa na taa za hoteli iliyo mlimani, na alfajiri hunaswa kwa nyavu nyembamba, wakapimwa, wakavishwa pete mguuni yenye namba, wakaachiliwa. Ndege waliovishwa pete hapo wanahesabiwa kwa malaki. Baadhi ya pete zimeokotwa Uarabuni, Urusi na kwingineko, na kwazo tumejua njia. Huyu wa Basra ni miongoni mwa wanaonaswa Ngulia.

Lakini angalieni: Ngulia inatueleza habari za kwenda. Habari za kurudi ni pungufu sana. Wakirudi Machi na Aprili wanapita kwa kasi zaidi, kila dume akiwahi eneo la kuzalia kabla halijachukuliwa na mwingine. Hawapangi foleni mbele ya taa za hoteli.

Hapa nitoke kidogo nje ya njia, kwa sababu kuna mwingine wa jamii hiyo ya matete, naye hupita Tsavo kwa wingi, ambaye kisa chake sipendi kukiacha. Huyu ni mwigaji. Mwaka 1979 mtafiti Françoise Dowsett-Lemaire alichapisha uchunguzi aliofanya juu ya nyimbo zake huko Ubelgiji, anakozaa. Aligundua kwamba kila dume, kwa wastani, anaiga sauti za spishi 76 za ndege wengine, na zaidi ya nusu yake ni ndege wa Afrika. Mtoto huanza kukusanya sauti kiotoni Ulaya, akaendelea njiani, akaendelea hapa kwetu, na akifika kwao majira ya machipuko yuko tayari kuimba yote kwa mkupuo. Mkulima wa Ubelgiji, asiyewahi kukanyaga Afrika, anaamka asubuhi ya Juni akisikiliza ndege wa Voi. Mtafiti akiwa na sikio la kutosha anaweza kuambiwa na wimbo ule mahali mwimbaji alikopitia. Mimi sijui hati ya kusafiria iliyo bora kuliko hiyo.

Turudi kwenye njia yetu. Mwaka 2020, mwezi wa Aprili, sisi tukiwa tumefungiwa kwa amri za korona na hakuna ruhusa ya kutoka Nairobi wala Mombasa, kekeo mmoja dume aliivuka nchi yetu bila kuulizwa barakoa. Jina lake Onon, jina la mto wa huko kwao Mongolia. Katika mwaka 2019 watafiti wa Mongolia wakishirikiana na Waingereza waliwavisha kekeo watano vifaa vya setilaiti. Onon alikwenda mpaka Zambia, akakaa huko, na machipuko yalipokaribia kwao akaanza kurudi. Alipita Kenya, akaingia Bahari ya Hindi, na alipotua tena alikuwa Madhya Pradesh, katikati ya India, baada ya kuruka zaidi ya kilomita 5,000 mfululizo. Mwishoni mwa Mei alikuwa Mongolia, safari ya kwenda na kurudi ikiwa imefika kilomita 26,000. Kati ya wale watano, ni yeye pekee aliyefuatiliwa mpaka aliporejea. Watu duniani kote waliokuwa wamejifungia majumbani walimfuata kwenye ramani kila siku. Najiuliza ni Wakenya wangapi waliotazama juu siku zile alipokuwa kwetu. Nadhani hakuna. Na tungemwona tungesema tu, kekeo.

Njia hiyo ya baharini haikuwa yake peke yake. Kozi wa Amur, mwindaji mdogo mwenye miguu ya rangi ya machungwa, huzaa mashariki ya Siberia na kaskazini mwa China, akaja kukaa kusini mwa Afrika. Akirudi hupitia Afrika Mashariki na Somalia, mwishoni mwa Aprili na mwanzo wa Mei, halafu huivuka bahari kwenda India kwa pigo moja. Hao ndio waliokuwa wakinaswa na kuuawa kwa makumi ya maelfu katika jimbo la Nagaland, India, hata mwaka 2012 picha za mauaji hayo zikaitia dunia uchungu. Mwaka uliofuata wanavijiji wenyewe walikubaliana kuacha, wakaacha. Novemba 2013 kozi watatu walivishwa vifaa vya setilaiti, wakapewa majina ya huko huko, na kijiji ambacho jana kilikuwa kikiuza nyama yao kikawa kinauliza habari zao. Mimi hilo nalihesabu kuwa jambo kubwa kuliko makongamano mengi niliyoyahudhuria.

Huku kwetu kozi hao hushuka baada ya mvua, kumbikumbi wanaporuka. Ukiona kundi la wawindaji wadogo linazunguka angani jioni, kimya, wakidaka kitu usichokiona, usikimbilie kusema ni mwewe. Na wanapokuwa juu ya bahari hula nini? Mwaka 2009 Charles Anderson, mwanabiolojia aliyeishi Maldivi miaka mingi, aliandika kwamba kereng'ende kwa mamilioni huivuka Bahari ya Hindi, wakisafiri kwa pepo hizi hizi za msimu, na kwamba ndege wavukao pamoja nao yaelekea huwala njiani. Upepo mmoja, msafiri na chakula chake.

Sasa nimewataja wanaokwenda. Aprili ina wanaokuja pia, na hili huwashangaza wageni kutoka Ulaya. Mlango wa Mto Sabaki, kaskazini ya Malindi, kabla hujafika Mambrui, hupokea wakati huu makundi ya ndege kutoka Bukini, yaani Madagaska. Wana umbo la mbayuwayu mkubwa, rangi ya hudhurungi, na mstari mweupe chini ya jicho. Wamemaliza kuzaa kwao, na wanakuja kwetu kukaa mpaka Septemba. Hukaa chini kwenye mchanga, wote wameuelekea upepo, hata mtu anaweza kuwakaribia kabla hajang'amua kwamba yale madongo yana macho. Kipande kile cha Sabaki, chenye ndege wa pande zote za dunia kwa wakati mmoja, hakimo ndani ya hifadhi ya taifa hata moja.

Na kule Gede, ndani ya magofu ya mji wa kale wa Waswahili, kati ya misikiti na makaburi yaliyomezwa na mibuyu na miti mingine, huja mgeni mwingine kutoka kusini. Ni mkesha mwenye madoa meusi kifuani. Anatembea chini kwenye majani makavu, anayageuza kwa mdomo, na akisimama humwoni. Huaminika kuwa wa kwetu wanatoka misitu ya kusini mwa Tanzania, kama ule wa Rondo mkoani Lindi. Naye amewekwa kwenye orodha ya walio hatarini, kwa kuwa misitu ya namna hiyo imebaki vipande vipande. Maelfu ya wanafunzi hupelekwa Gede kila mwaka kujifunza historia. Bado sijasikia mwalimu akiwaambia wanyamaze kidogo wasikilize majani.

Nimefika kwenye hoja yangu. Tunasema ndege hawa ni adimu. Wengine ni adimu kweli, wa Basra na mkesha wa Gede hesabu zao zimeporomoka. Lakini sehemu kubwa ya uadimu huu imetengenezwa na kalenda yetu. Anayeandika kumbukumbu za ndege pwani, kwa kiasi kikubwa, ni mgeni mwenye darubini na mwongozaji anayelipwa na mgeni huyo. Mgeni huja Novemba hadi Machi. Pasaka ikipita, mvua zikishika, hoteli nyingi za Watamu na Malindi hupunguza wafanyakazi au hufunga kabisa, waongozaji hurudi shambani, darubini huwekwa kabatini. Hesabu kubwa ya ndege wa majini nchini hufanywa Januari. Ngulia ni mwisho wa mwaka. Na ile Siku ya Ndege Wahamao Duniani, ambayo iliasisiwa hapa hapa Kenya, Laikipia, mwaka 2006, huadhimishwa Jumamosi ya pili ya Mei na ya Oktoba. Jumamosi ya pili ya Mei ni tarehe nzuri sana kwa Ujerumani. Kwetu, wengi wanaoadhimishwa wameshaondoka. Tunafanya sherehe na wageni wamekwenda.

Kwa hiyo mwezi ambao ndege wengi zaidi wanatembea ndio mwezi ambao macho ni machache zaidi. Kisha mtaalamu anafungua vitabu, anaona Aprili ni tupu, anaandika: hupatikana kwa nadra. Mhandisi wa mradi anasoma neno hilo, anaona hapana kitu cha kupotezwa, na kibali kinatoka. Sisemi kwamba hivyo ndivyo ilivyotokea mahali fulani. Nasema hivyo ndivyo karatasi zinavyofanya kazi, na anayebishana na karatasi asiwe mikono mitupu.

Kuna wanaosema shughuli hii ya kuwatazama ndege ni ya Wazungu na matajiri. Nimeisikia mara nyingi, na siikubali. Chama cha historia ya maumbile cha Afrika Mashariki, ambacho leo kinaitwa Nature Kenya, kilianzishwa na walowezi na wamishonari mwaka 1909, ni kweli. Lakini leo wanaowajua ndege wa pwani kwa sikio, hata kabla hawajaonekana, ni vijana wa Gede, Dabaso na Mida, wengi wao wakiwa wamejifunza kwa kubeba mizigo ya wengine. Wana ujuzi ambao hauna bei. Wanachokosa ni mtu wa kuwalipa Aprili. Kaunti inayojitangaza kwa utalii ingeweza kulipa vijana kumi kwa wiki sita za masika, watembee Mida, Sabaki na Gede, waandike. Gharama yake haifiki bei ya mahema ya sherehe moja ya kufungua warsha. Mtanisamehe, lakini nimehudhuria warsha hizo.

Na yule mzee wa wavu, anayejua siku ya ndege kuaga kwa rangi ya manyoya? Maarifa yake yanastahili kuandikwa na tarehe mbele. Wavuvi wa Kipini, Ngomeni, Gazi na Vanga wako majini na topeni mwaka mzima, mvua au jua. Hakuna kituo cha utafiti chenye mahudhurio kama yao.

Basi, msikilizaji uliye pwani, hivi ndivyo unavyoweza kufanya tangu kesho. Chagua mahali pamoja unapoweza kufika bila nauli. Kama ni topeni, usiende maji yakiwa yamekupwa kabisa, maana ndege watakuwa mbali. Nenda yanapoanza kujaa, yatawasukuma kwako. Siku za bamvua ni bora kuliko siku za maji mafu. Kama ni kichakani, nenda alfajiri baada ya mvua ya usiku. Ukiona ndege usiyemjua, andika tarehe, saa na mahali. Andika ukubwa wake ukimlinganisha na ndege unayemjua, rangi ya miguu, umbo la mdomo, na alichokuwa akifanya. Andika papo hapo, kabla hujafungua kitabu wala kumwuliza mtu, kwa sababu kitabu kina tabia ya kukuonyesha ulichotamani kukiona. Ukiwa na simu yenye kamera, piga picha hata kama ni mbaya. Picha mbaya ya ndege sahihi imewahi kumaliza mabishano mengi.

Kisha usibaki nayo. Mradi uitwao Kenya Bird Map, ulioanza mwaka 2013, umeigawa nchi nzima katika viraba vya kilomita tisa hivi kila upande, na mtu yeyote anaweza kujiunga na kutuma orodha ya alichokiona ndani ya kiraba chake. Orodha ya ndege wa kawaida nayo inapokelewa kwa furaha, usidhani wanataka maajabu tu. Ukiwa na ajabu kweli, ipo kamati ya Afrika Mashariki inayopitia taarifa za ndege adimu. Watakuuliza maswali mengi na pengine watakukatalia. Usikasirike. Ukali wao ndio unaoifanya taarifa iliyokubaliwa iwe na uzito mbele ya mhandisi na hakimu.

Walimu, shule zikifungwa Aprili wapeni watoto kazi hii badala ya kurudia hesabu za muhula uliopita. Waheshimiwa wa kaunti, vijana kumi, wiki sita. Na wewe mvuvi unayenisikiliza ukiwa ufukweni, wale wekundu wakiondoka wiki hii, mwambie mwanao mwenye simu aandike maneno mawili: tarehe, na mahali.